Malisho ya Irimia

"Irimia, nyamaza, nakuja," Rafila alimwambia mwanawe aliyekuwa akilia chini ya mti, huku akiendelea kugeuza majani yakauke. Mlima ukalirudisha jina lile polepole, kama mtu anayelionja.

Rafila aliyaacha majani, akamnyakua mtoto. Kule juu, kila bonde na kijito kina jina la mtu aliyepotelea pale: Mwamba wa Docia, Kijito cha Maftei. Ndiyo maana mtoto asiyebatizwa huitwa "kitoto" tu, msitu usilijue jina lake ukamchukua. Malisho yale walipokuwa yalikuwa bado hayana jina.

Jioni, harufu ya majani yaliyooza iliingia jikoni. Nje mtu akaita, kwa sauti ya Rafila mwenyewe, "Irimia."

Mama mkwe wake, Paraschiva, aliacha kusonga ugali. "Ulimtaja kule?"

"Lilinitoka tu, mama."

"Kengele ya kondoo ina siri kuliko wewe."

Wakamuuza mtoto upesi, kama ilivyo desturi yao, apate jina jingine la kumficha. Rafila alimpitisha dirishani. Jirani yao Todosia akampokea kwa sarafu kuukuu, akamwita Lupu, kisha akamrudisha kupitia mlangoni kama mgeni.

"Huyu sasa ni wangu, mnanilelea tu," alinong'ona. "Ukiulizwa, Rafila, huna mtoto. Ukimkiri kabla hakujakucha, kile kinachoita kitamjua."

Akaenda zake. Sauti ikaizunguka nyumba, ikaita mlangoni, ikaita ndani ya bomba la moshi, ikaimba wimbo uleule anaouimba Rafila akinyonyesha, na kila ilipoita, mtoto aligeuza kichwa kuifuata, na maziwa yakamtoka Rafila yakalowesha blauzi, naye akauma kilemba chake asije akaitika.

"Hapa hakuna mwenye jina hilo," Paraschiva aliuambia mlango.

Sauti ikakoma. Kisha mlango ukafunguka, akaingia Gavril, mume wa Rafila, na shoka begani.

"Leo nimekatiza Malisho ya Irimia," alisema akivua buti.

"Malisho ya nani?" Rafila aliuliza.

"Si pale tunapokata majani? Pameitwa hivyo tangu zamani. Kuna kitoto kilipotelea pale." Akainama juu ya kitanda cha mwanawe, akakitazama kile kilicholala humo kama mtu anayetazama kitoto cha jirani. "Na huyu ni wa nani?"

Rafila alifungua mdomo. Nje, chini ya dirisha, kitu kiliacha kupumua ili kisikie vizuri.