Wanajeshi Walioelekezwa Kimandolu

Likizo ya mwezi wa sita ilipoanza, Anande hakupumzika. Kila asubuhi alikata majani ya ng'ombe kando ya mfereji, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akayabeba kichwani hadi nyumbani. Kisha alikwenda kumsaidia mama yake, Marta, kuchuma kahawa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, lakini viganja vyake vilikuwa vigumu kama vya mtu mzima, maana baba yake, Koplo Elihuruma, hakuwepo. Ulikuwa unakaribia kutimia mwaka mmoja tangu wakubwa wampeleke nchi ya jirani kulinda amani. Wakubwa wenyewe walibaki.

Nyumba yao ilikuwa mlimani, juu ya Kikatiti, kwenye barabara ambayo viongozi huikumbuka siku za kura tu. Kwa hiyo Ijumaa ile, saa nne asubuhi, Anande alipoona gari la kijani la jeshi, limeoshwa likang'aa, linapanda taratibu likikwepa mashimo, alijua halikuleta heri. Mwaka juzi gari kama hilo lilikwenda kwa jirani yao, mzee Gerson. Lilipoondoka, mzee Gerson hakuwa na mtoto tena.

Gari lilisimama mbele yake. Mbele, pembeni ya dereva, aliketi kapteni. Nyuma aliketi mchungaji wa jeshi, mwenye misalaba midogo kwenye kola.

"Shikamoo," alisema Anande, mzigo ukiwa kichwani.

"Marahaba. Kwa Koplo Elihuruma ni wapi? Tunamtafuta mke wake," alisema kapteni.

 Hatua chache tu, nyuma ya migomba, mama yake alikuwa akichuma huku akiimba. Anande aliwaza: wasipofika, hawatasema. Wasiposema, baba bado yupo.

"Walihama," alijibu. "Siku hizi wanakaa Kimandolu, kwa shangazi. Ukifika, ulizia kwa Agnela fundi cherehani."

"Una hakika?"

"Ndiyo, afande."

Kapteni alisonya. "Watu hawa! Wanahama bila kutoa taarifa. Dereva, geuza."

Hakushuka. Hakuuliza kwa balozi wa nyumba kumi wala kwa mtu mzima yeyote. Alikuwa na haraka ya kutua alichobeba, kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Mchana ule, shambani, Anande hakugusa chakula wala kahawa; alimtazama mama yake tu.

"Unaumwa?" mama yake alimuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi mbona unanikodolea macho kama unataka kunichora? Chuma kahawa, binti! Baba yako akirudi, nitamwambia umekuwa mvivu kuliko ndama."

Mama alicheka. Anande aliinamisha kichwa asionekane.

Katika ukoo wao habari ya kifo ilikuwa na njia yake. Haikusemwa mlangoni, wala mtu akiwa amesimama. Wazee wa ukoo waliambiwa kwanza. Wao ndio waliokuja, mwenye msiba akaketishwa katikati ya wanawake wawili wenye nguvu, ndipo neno likatamkwa. Siku ile njia hiyo haikufuatwa. Saa tisa alasiri gari lilirudi, na kabla halijasimama, kilio kilisikika hadi shambani.

Aliyelia alikuwa shangazi Agnela. Bila kungoja kumwona mke, kapteni alikuwa amemwambia yeye, amesimama mlangoni pa chumba chake cha kushonea, hana mtu wa kumshika. Alianguka, akapasuka paji la uso kwenye kona ya cherehani. Sasa alishuka garini akiwa na kitambaa chenye damu kichwani, akipiga kelele, "Eli! Kaka yangu Eli ameniacha!"

Marta alitokea kwenye kahawa, kikapu mkononi. Hakuna aliyehitaji kumwambia zaidi. Kikapu kilianguka, naye akaanguka juu yake.

Babu Ephraimu, baba yake Elihuruma, alitoka zizini. Mzee huyu alikuwa amemzika mke wake baada ya kukaa naye siku mbili kwenye benchi la zahanati isiyokuwa na dawa. Tangu hapo hakuwa na salamu kwa mtu yeyote wa serikali.

"Nani aliwafundisha kuteremsha msiba kama mifuko ya saruji?" alifoka. "Wazee wa ukoo mmewaambia? Huyu mama mmemketisha?"

"Pole, mzee," alisema kapteni. "Lakini sisi tulifika tangu saa nne. Mtoto wenu huyu ndiye aliyetupoteza. Alisema mmehamia Kimandolu."

"Mwongo! Mjukuu wangu hadanganyi. Ndio kazi yenu, kuwasingizia wanyonge. Mke wangu alipokufa, mlisema tulimchelewesha. Leo mmehamia kwa mtoto!"

Majirani walikuwa wamejaa uwanjani. "Kweli, mzee! Ndio zao!" walipaza sauti. "Wanyang'anyeni funguo! Hawaondoki hapa!" Walilizunguka gari. Dereva alipandisha vioo.

Anande alimtazama shangazi yake. Damu ilikuwa imeshuka hadi kwenye nyusi. Angenyamaza tu, babu angeshinda, na kijiji kizima kingekuwa upande wake. 

"Babu," alisema. "Ni kweli. Nilidanganya."

Majirani waliliachia gari. Babu alimgeukia kama mtu aliyepigwa kofi.

"Kwa nini?"

"Nilijua wamekuja kusema nini. Sikutaka mama asikie. Shangazi, nisamehe. Niliyekuumiza ni mimi."

"Umesikia, mzee?" alisema kapteni.

"Nimesikia," alijibu Babu polepole. "Mtoto wa miaka kumi na miwili amekiri kosa lake mbele ya kijiji. Sasa zamu yako, wewe mwenye nyota mabegani. Mwanangu alikufa lini?"

Kapteni alifungua karatasi. "Taarifa imetoka jana."

"Sikukuuliza karatasi ilitoka lini."

Marta aliinua uso. Wanawake wawili walikuwa wamemketisha na kumshikilia. "Jumatano nilipiga simu kambini," alisema. "Mtu akaniambia mume wangu yuko doria, anakula vizuri, nisisumbue watu. Jumatano alikuwa hai?"

 Kapteni alimtazama Anande, aliyekuwa bado amesimama peke yake katikati ya uwanja. Mwishowe aliikunja karatasi.

"Alifariki Jumatatu asubuhi," alisema. "Gari lao lilishambuliwa. Na simu yako, mama, niliipokea mimi. Tulikatazwa kusema mpaka ruhusa itoke juu."

"Vua kofia," alisema Babu. "Keti. Anza upya, useme yote."

Kapteni aliketi kwenye kigoda cha kukamulia. Alisema mahali gari liliposhambuliwa, na kwamba Elihuruma alikuwa amerudi kumvuta mwenzake aliyejeruhiwa. Alisema mwili ungefika uwanja wa ndege Jumapili, na jeneza lingefunguliwa ndugu wamwone. Aliandika jina lake na namba yake ya simu. Hakuna aliyemshukuru. Walipoondoka, ni mchungaji peke yake aliyepewa mkono.

Babu alimwita Anande.

"Umekosea, na adhabu yako utaipata msiba ukiisha," alisema. "Umemnyima mama yako haki ya kuketishwa, na shangazi yako atabaki na kovu. Huo ni uongo wa saa tano. Wao wamedanganya siku nne, na sidhani kama kuna atakayewaadhibu. Lakini usije ukasema, wakubwa wanadanganya, basi na mimi nidanganye. Ukisema hivyo, watakuwa wamemchukua baba yako, wakakuchukua na wewe. Yule bwana asingesema kweli leo kama wewe usingeanza. Mimi ni mzee, mjukuu wangu, na sijaona ukweli ukishuka kutoka kwa wakubwa. Huanzia chini, kwa mtu mmoja aliyekosea akakubali kuaibika."

"Nimesikia, Babu."

"Haya, nenda kwa mama yako."

Wanawake walisogea wakampisha. Anande aliketi kati ya mama na shangazi, na hapo ndipo alipomlilia baba yake.