Nimejaribu kwa Mikono Yangu

Alhamisi ile Pihla alikunywa uji wake akiwa amevaa kofia, ndani ya nyumba, karibu na jiko linalowaka. Baba yake alimtazama kwa jicho la pembeni.

"We Pihla, hiyo kofia unalala nayo?"

"Bado mpya, baba."

"Ikizeeka kichwani utaijua."

Ilikuwa kofia ya sufu, ya bluu, yenye mstari mweupe kama barafu. Haiuzwi dukani. Hufumwa na Tuulikki, mama mmoja aliyekuwa tarishi wa kijiji chetu cha Salmenkylä kwa miaka thelathini na nne, na mtu huipata kwa kazi tu. Katika shule nzima Pihla peke yake ndiye aliyekuwa nayo.

Kijiji chetu kinakaa kando ya ziwa, na kuanzia Desemba ziwa ndilo barabara. Watu hulivuka kwa ski, zile mbao ndefu za kuteleza zinazofungwa miguuni, kwa pikipiki za theluji, hata kwa mitambo. Ili wasivuke kwa kubahatisha, watu wa vijiji vya maziwani waliandika programu inayoitwa Railo. Nguzo ndogo husimikwa kwenye barafu, hupima unene wake, na kila mwenye simu huona kwenye ramani: kijani pita, njano fikiri, nyekundu rudi nyumbani. Railo ni programu huria. Haina tajiri wala kampuni. Yeyote anaweza kuichukua, kuifungua na kuitengeneza, na wote wanaoihudumia wanajitolea.

Lakini programu isiyo na mwongozo ni kama chupa ya dawa isiyo na karatasi yake. Kwa hiyo kuna mwongozo wenye kurasa sabini na kitu, na mlezi wa kurasa hizo ni Tuulikki. Sheria yake ni moja. Chini ya kila ukurasa pameandikwa: *Nimejaribu kwa mikono yangu*, kisha jina, tarehe na namba ya toleo la programu. Toleo jipya likitoka, mtu hushika ukurasa, huenda kufanya kila hatua iliyoandikwa, na ndipo huandika jina lake. Ukifikisha kurasa ishirini, Tuulikki anakufumia kofia.

Klabu ya kompyuta ya shule yetu ilikuwa imejiunga na kazi hiyo. Wiki iliyotangulia, Eeli, rafiki yake Pihla, alikuwa na kurasa kumi na nane. Pihla alikuwa na kumi na saba. Jumapili likatoka toleo la nne, na nje baridi ilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Ukurasa wa kusimika nguzo ulimtaka mtu atoke, aende ziwani, achimbe. Nguzo ya majaribio ilikuwa imeegemea ukuta wa banda, ndani ya boksi lake. Pihla aliitazama kupitia dirishani. Kisha akaketi, akabadilisha namba ya toleo kutoka tatu kuwa nne, akaandika jina lake. Akafanya hivyo kwa kurasa tatu mfululizo, kazi ya dakika tano. Tuulikki alipompigia simu na kumuuliza, "Umejaribu?" alijibu, "Nimejaribu," bila hata kumeza mate.

Basi kofia ikaja Jumatano.

Siku ya Alhamisi shule zote kwetu hula supu ya njegere na chapati za maji zenye jamu. Pihla alikula harakaharaka, akafungua kompyuta ya klabu kwenye kona ya bwalo ili amwonyeshe Eeli jinsi ukurasa wake unavyosomwa. Tangu Jumapili ulikuwa umesomwa na watu arobaini na sita. Na mmoja wao, mzee Kauko wa ng'ambo ya ziwa, alikuwa ameandika asubuhi ile:

*Asante kwa mwongozo. Jana nimesimika nguzo tatu pale Shingoni, hatua kwa hatua kama mlivyoandika. Zinasoma sentimita thelathini na moja. Leo saa saba mchana navusha mtambo wa kutandaza njia za ski, watoto wapate njia ya mashindano.*

"Umeona?" Pihla alisema, akiiweka kofia vizuri. "Hatua kwa hatua kama nilivyoandika."

Eeli alikuwa na chapati mdomoni. Aliacha kutafuna.

"Thelathini na moja? Shingoni?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Acha zako. Babu alitoboa pale Jumamosi na kekee yake. Akapata kumi na moja. Pale maji yanakimbia chini, barafu hainenepi sentimita ishirini kwa siku tano. Labda umeilisha uji."

Pihla hakucheka. Shingo ni mahali ambapo ziwa linabana, na mtambo wa Kauko una uzito wa tani mbili na nusu. Alifungua ukurasa wake, akausoma kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Hatua ya nne ilisema: *Pima kutoka juu ya theluji.* Kisha akafungua tangazo la toleo la nne, lile alilolisoma Jumapili hadi katikati tu. Upande wa chini palikuwa na mstari mmoja: *Kuanzia sasa programu haiondoi tena kimo cha theluji kwenye kipimo. Fagia theluji yote, pima kutoka juu ya barafu yenyewe.*

Theluji ya Shingoni ilikuwa na kimo cha sentimita ishirini. Kumi na moja na ishirini ni thelathini na moja. Nguzo za Kauko zilikuwa zinahesabu theluji kuwa barafu.

"Ngoja nikanawe mikono," Pihla alisema, akaondoka na kompyuta kifuani. Eeli alimtazama, maana hakuna anayenawa mikono na kompyuta.

Akiwa chooni amejifungia, aliirekebisha hatua ya nne. *Fagia theluji yote. Pima kutoka juu ya barafu.* Sentensi mbili. Alihifadhi, akavuta pumzi, akasikia mzigo umemtoka. Ukurasa sasa ni sahihi, alijiambia, na hakuna aliyeona.

Alikuwa amerudi darasani, hesabu zinaendelea, saa sita na robo, wakati wazo lilipomjia. Kauko hatausoma tena ukurasa ule. Nani husoma tena mwongozo wa kazi aliyokwisha kuimaliza? Ukurasa ulikuwa umepona, lakini nguzo tatu bado zilisimama Shingoni zikidanganya kwa rangi ya kijani. Na wale wengine arobaini na watano, je? Hakuwajua hata majina.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ubaya wa maradhi haya ni kwamba kifo kingekuwa cha mtu mwingine. Pihla alitazama dirishani. Kutoka shuleni kwetu Shingo inaonekana vizuri, mstari mweupe kati ya misitu miwili ya misonobari. Alifikiri amwandikie Kauko kwamba nguzo zina hitilafu, kwamba kifaa ni kibovu. Kifaa hakina mdomo wa kujitetea. Lakini akaona kwamba huo ungekuwa uongo wa pili kuulinda wa kwanza, na saa ilikuwa inasonga.

Alinyoosha mkono. "Mwalimu, naomba simu yangu."

Simu zote huwekwa kwenye mifuko ya kitambaa iliyotundikwa karibu na mlango. Mwalimu Raija hakugeuka kutoka ubaoni. "Kipindi kikiisha."

"Haiwezi kungoja, mwalimu."

"Kwa nini haiwezi?"

Darasa zima likageuka. Pihla alihisi kofia inamuwasha. "Kwa sababu mzee Kauko anavuka Shingoni saa saba, na barafu ni nyembamba, na mimi ndiye niliyemwambia ni nene."

Mwalimu Raija aliweka kalamu chini, akampa simu.

Pihla aliipiga namba iliyokuwa chini ya ujumbe wa Kauko, lakini mzee hakupokea. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza. Akapiga tena, vilevile. Mwenye mtambo unaonguruma, mwenye simu ndani ya makoti mawili, atasikia nini? Pihla akampigia Tuulikki, mmoja wa walioruhusiwa kupiga tahadhari za Railo.

"Tuulikki, piga tahadhari nyekundu! Nchi nzima. Sasa hivi, tafadhali!"

"Taratibu, mwanangu. Tahadhari nyekundu italia kwa king'ora kwenye simu ya kila mtumiaji wa Railo. Nitawaambia sababu gani?"

"Nguzo zinasoma vibaya."

"Zipi? Kwa nini? Tahadhari isiyo na sababu watu huizima tu wakaendelea na safari."

Ilikuwa saa sita na dakika thelathini na tisa. Pihla alifumba macho.

"Ukurasa wa kusimika nguzo, hatua ya nne. Yeyote aliyesimika tangu Jumapili, nguzo zake zinahesabu theluji. Mimi... sikujaribu, Tuulikki. Nilikudanganya. Sikulifungua hata boksi."

 Pihla alisikia sindano za kufumia zikiwekwa mezani.

"Andika maneno hayo hayo," Tuulikki alisema, sauti kavu. "Ukurasa, hatua, tangu lini, jina lako kamili. Nitumie. Nitakaa hapa kidole kikiwa kwenye kitufe."

Aliandika amesimama, Eeli akimsomea dakika kwa sauti mpaka mwalimu akamwambia anyamaze. Akayatuma. Baada ya sekunde chache mifuko yote ya kitambaa karibu na mlango ililia kwa pamoja, simu ishirini na mbili, king'ora kimoja. Wanafunzi waliruka. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Kisha wakakimbilia dirishani, na mwalimu naye.

Ng'ambo, kutoka kwenye misonobari, taa ya manjano ya mtambo ilijitokeza. Ilishuka mteremko polepole, ikielekea ziwani. Pihla alishika fremu ya dirisha. "Simama," alinong'ona. "Simama, simama, mzee wangu." Taa ilifika ukingoni. Ikasimama.

Mtu mdogo kama punje ya pilipili manga alishuka. Alibeba mtaimbo. Alitembea hatua kumi, akapiga barafu mara moja, mara mbili, akaruka nyuma. Akapeleka mkono kifuani, ndani ya koti. Ndipo simu ya Pihla ikaita.

"Pihla ndiye nani?" sauti nzito iliuliza.

"Ni mimi, mzee."

"King'ora chenu kimepenya hata ngurumo ya mtambo. Mapigo mawili, maji yakanirukia buti. Hapa hapafiki hata sentimita kumi na mbili." Alikohoa. "Miaka arobaini natoboa kila mara kabla ya kuvuka. Safari hii nikasema, aa, imejaribiwa, jina la mtu lipo. Na mimi mjinga vilevile. Haya, kaa salama."

Pihla aliketi sakafuni akalia, na hakujali nani anamwona.

Jioni ile watu sita kutoka maziwa mengine waliandika kwamba nao wamezing'oa nguzo zao kuzisimika upya. Wawili walitukana kidogo. Mmoja alishukuru. Pihla aliwajibu wote, mmoja mmoja, akitia jina lake mwenyewe chini.

Jumamosi alikwenda kwa Tuulikki. Kauko alikuwa ameshafika, anakunywa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Pihla aliivua kofia, akaiweka mezani.

"Nimefuta jina langu kwenye kurasa zote tatu," alisema. "Nimerudi kumi na saba."

"Nimeona," Tuulikki alisema. Aliichukua kofia, akaitundika kwenye msumari karibu na mlango. "Sasa vaa glavu. Ukurasa hauna jina, na leo tunaye msomaji."

Walishuka ziwani watatu. Pihla alikuwa ameuandika upya ukurasa wote na kuuchapa kwenye karatasi, na juzi na jana alikuwa amesimika nguzo mara nne. Tuulikki alimpa Kauko karatasi, nguzo na koleo.

"Kauko atafanya kilichoandikwa, hicho tu. Wewe mikono mfukoni, mdomo umefungwa. Hata akikosea."

Ilikuwa nusu saa ndefu kuliko zote. Kwenye hatua ya pili Kauko alifagia theluji kiasi cha upana wa sahani, akasimama, akasoma tena, akajikuna sikio. Pihla aliuma ncha ya glavu. Yeye mwenyewe alifagia duara la mita nzima, lakini hakuandika ni kiasi gani. Aliona theluji ikiporomoka tena kuzunguka nguzo, akaona kosa lake waziwazi, akanyamaza. Kauko alipomaliza, Pihla aliandika: *Fagia duara la mita moja.* Wakaanza upya toka hatua ya kwanza. Safari hii nguzo ilisoma ishirini na nne. Kauko akatoboa kwa kekee, akashusha rula. Ishirini na nne.

Pihla aliandika jina lake chini ya karatasi kwa penseli, maana wino ulikuwa umeganda.

Tuulikki alimtazama akimaliza. "Nikiwa tarishi nilibeba barua kwa watu ambao sikuwaona nyuso. Kuandika mwongozo ni hivyo hivyo, Pihla. Anayeusoma yuko peke yake mahali fulani, nawe hupo kumwambia ngoja kidogo. Alichonacho ni jina lako tu pale chini. Anapokanyaga barafu, amekanyaga jina lako. Kukosea kila mtu hukosea, hata mimi. Ila usiseme umefanya usichofanya, na ukigundua umekosea, usirekebishe kimyakimya. Paza sauti, wasikie waliokwisha kukuamini."

"Nimeelewa," Pihla alisema.

Upepo ulikuwa umeanza. Kauko alimtazama akijifunika kichwa kwa kola ya koti.

"Masikio yatakudondoka, mtoto. Tuulikki, si umrudishie hiyo kofia? Kumi na nane si haba."

"Hapana, mzee," Pihla alisema, akichukua koleo. "Bado mbili."