Fungu la Mwenyewe

Kila mguu wa kulia wa Tusekile ulipogusa lami, watu tisa waliokimbia naye walisema "Yalaa!" kwa pamoja, kama kwaya iliyofunzwa.

Mguu wa kushoto, kimya. Mguu wa kulia, "Yalaa!" Hivyo ndivyo kilabu cha mbio cha Kijasho Chembamba kilivyoteremka kutoka Uyole asubuhi hiyo, ukungu ukiwa bado umejilaza juu ya mashamba ya viazi na vibarua-chuma wa jiji wakifagia kando ya barabara. Mmoja wao aliacha kufagia, akageuza jicho lake la kioo kuwatazama. Alikuwa amefundishwa mengi huyo, lakini hakufundishwa kwamba goti la mama mmoja linaweza kuliliwa na kundi zima.

"Mama Tusa," alilalama Nsajigwa, mwanamume mnene mwenye bucha pale Mwanjelwa, "hili goti lako lina kiburi. Unalilisha nini?"

"Ndizi na maharage, kama wewe."

"Basi kuanzia leo lifunge! Likome!"

Wakacheka, wakasema "Yalaa!", wakacheka tena.

Kilichowaliza ni mikanda. Kila mmoja alivaa mkanda mwembamba wa kijivu juu ya goti la kulia, kazi ya Gwamaka, mhandisi wa mishipa ya fahamu, naye mwanakilabu. Mkanda wa Tusekile uliyadaka maumivu yakiwa njiani kupanda kichwani, ukayakata mafungu, ukayatuma hewani. Mikanda ya wenzake ikayapokea, na kila mmoja akahisi kana kwamba goti lake mwenyewe ndilo bovu. Hawakudhurika. Maumivu yalisafiri, lakini jeraha lilibaki kwa mwenye goti.

Gwamaka aliita chombo chake kigawa-maumivu. Wenzake walikiita mchango. Harusi wanachanga, msiba wanachanga, mtoto akifaulu wanachanga. Goti lina kosa gani? Waliunda kamati, wakamchagua Mwalimu Atupele kuwa mwenyekiti, na kikao cha kwanza kikachelewa kuanza kama vikao vyote vya kamati duniani.

Tusekile alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Katika kilabu alikuwa mkia. Mkia ndiye anayekimbia nyuma kabisa pamoja na mgeni aliyeishiwa pumzi, ili mgeni huyo asiachwe peke yake na aibu yake. Hakuna aliyemteua. Alianza tu siku moja, na wengine wakaona kazi ina mwenyewe.

Nsajigwa hakusahau siku yake ya kwanza, alipoinama nyuma ya kibanda cha vocha akatapika chai yote. Alipoinua uso alimwona Tusekile amempa mgongo, amechuchumaa katikati ya njia, anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari, ili wapita njia wamtazame yeye. Atupele naye alikumbuka wiki zile baada ya kujifungua, Tusekile akitembea naye kutoka nguzo hadi nguzo na kumwambia kila nguzo ni mji mpya. "Sasa tumefika Makambako, mwanangu. Pumzika, halafu twende Njombe." Karibu kila mwanakilabu alikuwa na medali ya Mbio za Loleza nyumbani, na karibu kila medali ilipatikana Tusekile akiwa hatua moja nyuma ya mwenyewe.

Yeye hakuwa nayo. Mwaka mmoja alisimama njiani kumshika mkono mtu asiyemjua aliyepatwa na kizunguzungu. Mwaka uliofuata goti lilimshinda chini ya kilima cha mwisho. Siku hizo mtu aliweza kwenda hospitali asubuhi na kurudi jioni na magoti mapya ya chuma laini, na wenye miguu ya namna hiyo walikuwa na mashindano yao ya kasi ya kutisha. Lakini Loleza ilikuwa ya miguu ya kuzaliwa tu. Daktari akamwambia gegedu la goti limechakaa: akilitunza, litamfikisha mwaka huu, mwakani asahau.

Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi.

Baada ya mazoezi walikaa kwenye benchi za mama muuza chai, na Gwamaka akarudia somo lake. Alikuwa kijana mpole, hodari wa mashine, mzito wa kutongoza, kama Nsajigwa alivyopenda kumtangazia.

"Sikilizeni tena. Vidonge vya kuua maumivu vimekatazwa, na ni haki. Maumivu ni mlinzi wa geti. Ukimlaza usingizi, mwizi anaingia. Ndiyo maana nimemwachia Mama Tusa fungu lake mwenyewe. Dogo, lakini ni lake. Likipiga kelele, anapunguza mwendo. Tumeelewana?"

"Na hii pete ndogo kwenye mkanda?" aliuliza Atupele.

"Ya kurekebisha kiasi unachopokea, kiendane na mwili wako. Ila upande wa kupunguza nimeufunga." Akamtazama Nsajigwa. "Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi. Najua watu wanaoahidi kwa sauti kubwa kisha siku ya kutoa wana dharura."

Benchi zima likaangua kicheko. Nsajigwa akaweka mkono kifuani. "Mimi? Mimi, Gwamaka? Mungu anakuona."

"Nami nakuona."

Tusekile alicheka pia, huku akimega andazi lake na kusogeza nusu kubwa kwenye sahani ya Nsajigwa, kwa kuwa alikuwa amemwona akilitazama.

Siku ya mbio kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Wanakilabu hawakujiandikisha mwaka huo. Walijipanga kando ya njia, mmoja mmoja, ili kila baada ya mwendo fulani Tusekile aone uso anaoujua. Angani vipanga-macho, vile vyombo vidogo vya kupigia picha, vilielea vikivuma kama nyuki.

Tangu hatua za kwanza alijua leo ni siku yake. Goti lilikuwa kimya. Si kimya cha kuvumilia, bali kimya kama cha nyumba ambayo watoto wamelala. Alipita Mwanjelwa akiwa mwepesi, akapita watu wa nusu ya umri wake, akasikia kicheko kinamtoka bila kukiita. Miaka mingapi hakukimbia hivi! Alimwona Atupele kwenye kona, amejiegemeza kwenye nguzo ya taa, anapunga kitambaa.

"Twende, mama! Tumefika Makambako!"

"Naiona Njombe!" alijibu Tusekile, akapita.

Mbele kidogo alimwona Mzee Ambakisye, mstaafu wa posta, amekaa kwenye kiti cha kukunja. Akashangaa. Mzee yule alijivunia kusimama. Hata kanisani huwapisha vijana viti. Ambakisye alimpungia mkono na kutabasamu, lakini tabasamu lake lilikuwa la mtu anayeng'olewa jino.

Na chini kabisa ya kilima cha mwisho, mahali palepale goti lilipomwangusha, alimkuta Nsajigwa ameketi ukingoni mwa barabara, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, jasho linamtiririka katika baridi ile. Gwamaka alikuwa kando yake, naye amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, ameinamia kibao chake cha kioo.

"Panda, Mama Tusa, panda!" Nsajigwa alinguruma. "Mimi hapa napunga upepo tu!"

Juu kabisa ya kilima lilionekana lango la kumalizia, na muziki ulisikika. Tusekile angeweza kuhesabu vitambaa vilivyofungwa pale. Alipunguza mwendo, akawatazama wale wanaume wawili. Mkia hujua sura ya mtu anayeficha maumivu. Ndiyo kazi yake. Akasimama.

"Usisimame!" walipiga kelele wote wawili.

Aliinama akabonyeza goti lake kwa kidole gumba. Halikumjibu. Alibonyeza kwa nguvu zaidi. Hakuna kitu. Lakini chini ya mkanda goti lilikuwa limeumuka kama andazi, lina moto, ngozi imevutika mpaka inang'aa.

"Gwamaka," alisema polepole, "fungu langu liko wapi?"

Gwamaka aligusagusa kibao. Alfajiri alikuwa ameyapima mafungu yote, na lake lilikuwepo. Sasa uso wake ulibadilika rangi. "Hakuna. Limekwisha. Mama, halipo hata kidogo."

"Nsajigwa. Umeigusa ile pete?"

Muuza nyama yule alitazama viatu vyake. "Kidogo tu, mama. Nilisema mtu mmoja akiongeza kidogo hakitaharibika kitu. Ulinipa mgongo wako siku ile. Nilitaka nami nikupe kitu."

Gwamaka alikuwa anasoma kibao. "Mwalimu Atupele ameongeza. Mzee Ambakisye ameongeza. Wote wameongeza, kila mtu kwa siri yake." Akakishusha kibao. "Na mimi."

"Hata wewe, mwanangu?"

"Hata mimi. Nilifunga upande wa kupunguza. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu atakayetaka kuzidisha."

Ndivyo mboga inavyoharibika jikoni kwenye shughuli: kila mpishi anapita, anaonja, anaongeza chumvi kidogo kwa mapenzi, na hakuna anayemwambia mwenzake.

Tusekile alitazama lango la juu, akalitazama kwa muda. Gwamaka alijua, na Tusekile alijua, kwamba kwa ukimya ule wa goti angeweza kupanda kilima chote bila kuhisi kitu, akavishwa medali, akapigwa picha, na kesho yake mguu usinyanyuke tena. Lango lilikuwa karibu mno. Machozi yalimlengalenga.

"Nirudishieni," alisema.

"Lako tu, mama? Fungu lako?"

"Yote. Nataka kujua mmebeba nini."

"Yatakuangusha," alisema Nsajigwa.

"Basi nishike."

Nsajigwa alijikongoja akasimama, akamshika mabega. Gwamaka akagusa kibao. Kando ya barabara nzima watu tisa walivuta pumzi kwa mara moja. Mzee Ambakisye aliinuka kitini. Na Tusekile alisema "Yalaa!", peke yake, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, akaangukia kifuani mwa muuza nyama akalia kama mtoto. Hakulia kwa goti pekee.

"Mlikuwa mnabeba hiki," alisema alipoweza kusema. "Mlikuwa mnabeba hiki na mnanipungia vitambaa."

Hakupanda kilima. Tabibu-chuma wa mashindano alikuja kwa magurudumu yake laini, akalimulika goti, akatamka kwa sauti yake tulivu kwamba gegedu lilikuwa limeshikilia kwa uzi. Kwa mbio za kilima lingechanika lote, na mkimbiaji asingetembea tena bila mguu wa kununua. Wanakilabu walifika mmoja mmoja, sasa wakitembea wima, wakasimama kumzunguka. Atupele alivua sweta lake akamfunika miguu.

"Medali tutakutengenezea wenyewe," alisema Nsajigwa.

"Ya nini? Mtanitengenezea ya mfupa wa ng'ombe, nikimbizwe na mbwa."

Na hapo ndipo walipojua kwamba atapona.

Wiki zilizofuata Gwamaka aliifunga pete pande zote mbili, na mchango ukaendelea kwa kipimo: kila mmoja sehemu yake, na mwenyewe fungu lake. Tusekile alikaa nyumbani, mguu juu ya kigoda, akishona sare. Alikatazwa kukimbia msimu mzima, na pengine misimu yote.

Kisha siku moja alimwita Gwamaka, akamkaribisha chai, akamwambia anataka mkanda mwingine.

"Wa goti la pili? Linauma?"

"Haliumi. Nasikia kuna mama mpya kwenye kilabu, anaitwa Lugano. Mwoka mikate, mzito, ana haya. Anakimbia nyuma peke yake kwa kuwa mkia hayupo." Akakata uzi wa sindano kwa meno. "Mvishe wa kutuma, wa mwili mzima. Mimi nataka wa kupokea."

Gwamaka alitaka kukataa, akamtazama, kisha akatoa kibao chake akaanza kuchukua vipimo.

Asubuhi ya kesho yake, baridi ikiwa bado mlangoni, Tusekile alikuwa anamenya ndizi jikoni wakati kisigino chake cha kushoto kilipoanza kuwaka taratibu, halafu ubavu ukachoma. Akatulia, kisu mkononi, akisikiliza kwa mwili mzima. Kisigino hicho kilikuwa cha viatu vipya. Ubavu huo ulikuwa wa mtu anayekimbia haraka kuliko pumzi yake, anayeogopa kuachwa. Sasa hivi, mahali fulani kwenye mteremko wa Uyole, mwoka mikate mmoja alikuwa anashangaa kwa nini mzigo umepungua kidogo.

"Hapo umefika Makambako, mwanangu," Tusekile aliiambia sufuria. "Pumzika. Njombe haihami."

Punde ubavu ukalegea, na kisigino kikaanza tena, polepole, kwa mwendo wa mtu asiyekuwa peke yake.