Maamkizi ya Saa Kumi na Mbili

Kila asubuhi, saa kumi na mbili kamili, mji wa Kitulo ulizungumza na wafu wake. Vioo vya maamkizi viliwaka nyumba kwa nyumba juu ya uwanda ule wa baridi, na ndani yake waliotangulia wakatabasamu, sauti zao zimefumwa upya na mashine kutokana na kumbukumbu walizoacha. Nani angekunywa chai kabla ya kumwamkia mzazi? Adabu ni adabu, hata kwa marehemu.

Sekela, fundi umeme wa hospitali, alimwamkia mama yake hivyo kila siku. Ila asubuhi hii alikuwa amechuchumaa katika wodi ya watoto njiti, mbele ya kiota-joto, kitanda cha kioo kinachomlea mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Ndani alilala binti wa siku tano, hata kilo moja hajafika. Kidhibiti, kijisanduku kinachoamuru hita iwake au ipumzike, kilikuwa kimezimika asubuhi nne mfululizo. Sekela alishabadilisha vitatu, na vyote alivitukana.

"Fundi, kikizima tena tutamzika," alisema nesi Lusajo. "Jana midomo ilikuwa ya bluu."

Safari hii Sekela hakukigusa kidhibiti. Alichomeka kipimaumeme kwenye soketi, akatulia kama anayeota. Volti mia mbili thelathini. Ikagonga saa kumi na mbili. Mia mbili. Mia na themanini. Mia na hamsini. Kidhibiti kikalia tii, kikazima.

Lusajo alishafungua shati, akamweka mtoto kifuani.

"Si kibovu," Sekela alisema. "Umeme ukipungua kinajizima kisiungue. Kuna wanaoumaliza."

"Akina nani?"

Dirishani, vilima vyote vilikuwa vinameremeta, na mnong'ono wa shikamoo ukielea juu ya umande ulioganda. Sekela aliona aibu. Asubuhi zote zile, kioo kimoja kilikuwa chake.

Mchana aliwasha kioo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi?"

Akamweleza yote. "Kesho sitakuamkia, mama. Nikianza mimi, nitapata uso wa kuwaomba majirani."

Mashine ikapekua kumbukumbu za mama. "Nawe ulizaliwa njiti," alisema hatimaye. "Nilikubeba kifuani wiki sita, sitoki nje. Bibi yako alininunia, eti simwamkii. Nikamwacha anune."

Sekela akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akachomoa waya, akaanza kubisha hodi mlango kwa mlango. Wengine walimfukuza.

Kesho yake, wodini, ikagonga saa kumi na mbili. Vilima vilimeremeta nusu tu. Volti zikashuka: mia mbili kumi, mia mbili, mia na tisini na mbili. Zikaishia hapo. Sekela alimkumbuka mama yake, akakisikiliza kidhibiti. Hakikulia.