Kiti cha Sentimita Thelathini na Sita

Kila siku akitoka shuleni, kabla hata hajavua viatu, Kiwembe alikuwa na kazi moja. Alikwenda sebuleni, akamshika bibi yake kwapani, na wote wawili wakahesabu, "Moja, mbili, tatu, juu!" Kiti cha Bibi kilikuwa kifupi mno, na bila mtu wa kumwinua angekaa pale hadi jioni. Ndiyo maana Kiwembe, binti wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa ukali wa ulimi wake, hakuwahi kufanya mazoezi ya mpira wa pete na wenzake.

Alivumilia kwa sababu ya ahadi. Dada yake mkubwa alikuwa chuo kikuu akisomea elimu ya uzee, yaani jinsi watu wanavyobadilika wanapozeeka na namna ya kuwatunza. "Nikimaliza shahada, nitafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapo mtaa wa pili," dada alimwambia. "Bibi nitamwinua mimi. Wewe utacheza mpaka uchoke."

Akamaliza. Akafanya kazi miezi mitatu kwenye nyumba ile. Kisha jioni moja, wakiwa mezani, akasema, "Nimeomba kusoma uzamili, ila nabadilisha fani. Nataka usanifu wa majengo. Jumatatu ijayo nina usaili."

"Majengo?" mama akashangaa. "Miaka yote hiyo ya wazee, leo matofali?"

"Mama, wazee hawaangushwi na uzee peke yake. Wanaangushwa na ngazi, milango na viti. Nimechoka kuwafunga bandeji. Nataka kuchora nyumba zisizowaangusha."

Kiwembe hakusikiliza. Alichosikia ni kwamba dada anaondoka tena, miaka miwili mizima, na yeye anabaki na moja, mbili, tatu. Hasira zikampanda hadi masikioni. Msaliti mkubwa! Utanitambua, akasema moyoni.

Dada alikuwa na daftari jekundu. Ndani yake aliandika kwa penseli vipimo vya wazee kumi na watatu wa nyumba ile: urefu wa goti, upana wa kiganja, hatua ngapi hadi chooni. Hilo ndilo angewaonyesha walimu kwenye usaili. Jumanne, dada alipoingia kuoga, Kiwembe alitoa kifutio. Tatu ikawa nane, saba ikawa moja. Hakuwa na haraka. Alichagua, akafuta, akaandika, na roho yake ikasuuzika. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu: "Kiti, kimo 46." Akafuta nne, akaweka tatu. Acha achekwe!

Hakujua kwamba kesho yake daftari lingepelekwa kwa fundi seremala. Alhamisi alasiri fundi akaleta kiti kipya cha mbao, chenye mikono imara.

"Chako, Bibi," dada alisema kwa furaha. "Utakuwa unasimama mwenyewe."

Bibi akakipa kiti mgongo, akajishusha bila wasiwasi. Kiti kilikuwa chini kuliko alivyotarajia. Akadondoka kwa kishindo, kiwiko kikagonga mbao, akapiga yowe.

"Shahada nzima, na kupima kiti hujui!" mama akafoka.

"Mimi nimekata kilichoandikwa," fundi akajitetea. "Niliona kifupi, nikasema msomi ndiye anayejua."

Dada akalipima goti la Bibi, akatazama daftari, akapima tena. "Labda shahada walinipa kwa huruma," akasema taratibu. "Jumatatu siendi."

Haya, kisasi kilikuwa kimetimia. Dada haondoki tena. Mbona basi hakikuwa kitamu? Kiwembe alikitazama kiwiko cha Bibi kikivimba.

"Ni mimi," akasema, machozi yakimtoka. "Nilibadilisha namba. Karibu zote."

Dada alimtazama kwa jicho ambalo Kiwembe hakuwahi kuliona. Mama akainuka, mkono juu.

"Niachieni!" Bibi akasema. "Aliyeanguka ni mimi, kisasi ni changu. Wewe Kiwembe, Jumamosi utakwenda kumpima upya kila mzee, na kila mmoja utamweleza kwa nini unampima mara ya pili."

"Bibi, Jumamosi shule yetu ina mechi, nami nataka kwenda kutazama!"

"Najua. Ndiyo maana nimesema Jumamosi."

Akaenda na dada yake, ambaye siku nzima hakumsemesha ila kumtajia jina la kipimo. Mzee mmoja, dereva mstaafu, alijifanya hasikii na kumfanya arudie kosa lake mara tatu. Jioni namba zote zilikuwa zimerudi mahali pake. Jumapili fundi aliongezea miguu ya kiti vipande vya mbao, na Jumatatu dada akaenda kwenye usaili na daftari lake. Akapata nafasi.

Jumatatu hiyo hiyo Kiwembe alirudi mbio kutoka shuleni, akanyoosha mikono.

"Kaa huko huko!" Bibi akaamuru. Akashika mikono ya kiti. "Moja, mbili, tatu, juu!" Akasimama wima, peke yake, akicheka.

"Umeona? Hiki ndicho dada yako anachokwenda kusomea. Alikuwa anakufungua, wewe ukamchimbia shimo. Siku nyingine ukikasirika, sema. Mdomo unao, tena mkali. Na kabla hujamkomoa mtu, angalia kwanza nani atakayekaa kwenye kiti. Haya, nenda kacheze."