Kamba ya Sevastos

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Evdokia mwenyewe, jikoni kwa dada yake, Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 1984, huku akimenya yai jekundu ambalo mwishowe hakulila.

Yeye na mumewe Pantelis walikuwa wakishuka na boti yao kuelekea kusini mwa Florida, wakapita Tarpon, mji wa Wagiriki wanaozamia baharini kuvuna sifongo, kununua mafuta na mkate. Pantelis alizaliwa hapo, akaondoka kijana kwenda kufanya kazi Ohio. Evdokia hakuwa na ndugu hapo. Siku ilikuwa njema. Sifongo zilitundikwa gatini zikinuka bahari, na wazee walibishana juu ya karata. Hata hivyo Evdokia hakutulia. Alitamani waondoke kabla boti haijafungwa.

Pale walipofunga palining'inia kamba kuukuu iliyofungwa kwenye pete ya chuma, ncha yake ikizama majini. Mtu alikuwa amechomeka humo tawi bichi la rihani.

Bibi mmoja muuza sifongo, Fotini, aliwasogelea.

"Wewe si mwana wa Lefteris, mshika kamba? Ulikwenda Ohio na nywele zako, mbona umerudi peke yako?"

"Zilipenda baridi, mama, zikabaki."

Bibi alitabasamu kidogo tu. "Sogeza boti, mwanangu. Hapo si mahali pako."

"Mama, mimi nimezaliwa hapa!"

"Ndiyo maana nakwambia. Mgeni angekaa hapo salama."

Pantelis aliahidi kusogeza wakishakula.

Mchana ukungu uliingia kutoka baharini, ukafunika gati. Sauti za wacheza karata zilikatika. Evdokia alikuwa akikata mkate. Kamba ile ilikuwa ikisugua ubavu wa boti, na Pantelis akainama kuisogeza.

Kamba ikavutwa kutoka chini. Mara moja.

Mkono wake ukajibu. Mara moja.

Hakufikiri. Baba yake alishika kamba za wazamiaji maisha yake yote, na alimfundisha mwanawe kabla hajajua kuandika jina lake: kamba ikivutwa, jibu. Mtu aliye chini hana mwingine ila wewe.

"Mke wangu," alinong'ona, "kuna mtu chini."

Evdokia alichukua upondo akapima. Uligusa tope papo hapo. Maji hayakupita kiuno. Hapakuwa na mtu. Lakini kamba ilikuwa bado inashuka, ikipita mikononi mwa Pantelis polepole, kama inayoelekea kwenye kina.

"Iachie!"

"Nikiachia atakufa."

Fotini alitokea kwenye ukungu, bila viatu.

"Umejibu?"

"Nimejibu, mama."

Bibi alitema mate mara tatu kifuani pake, kukinga baya. "Ni kaka yangu, Sevastos, mzamiaji. Tufani ilipokuja, mshika kamba wake aliingiwa na hofu, akaiachia. Walituletea kamba tupu. Nimeitunza tangu nikiwa msichana, nami hainivuti. Wanawake hatukufundishwa, naye anajua."

"Akiiachia sasa?" Evdokia aliuliza.

"Aachwe mara ya pili? Atamshusha huyu."

Kamba ilikuwa imemvuta Pantelis hadi ukingoni mwa boti. Kifua chake kilining'inia juu ya maji.

"Kamba haiachwi," bibi alinong'ona. "Hupokezwa. Baba yako hakukwambia? Mkono juu ya mkono. Nipe."

"Siwezi kukutwika hili, mama."

"Nilikuonya, ukaniletea mambo ya kuzaliwa. Miaka yote hii nimengoja mtu wa kunipokeza, leo unanionea huruma? Lete!"

Vidole vya Pantelis vilikataa kufunguka. Evdokia alivibandua kimoja kimoja. Vilikuwa baridi. Bibi akashika. Akavuta mara moja. Akangoja.

Akajibiwa.

Uso wake ukawa wa msichana. Kisha kamba ikavutwa tena. Na tena. Na tena.

"Anataka kupanda," Pantelis alisema.

Evdokia alifungua boti, akawasha injini. Hakugeuka. Nyuma yake alisikia maji yakichuruzika juu ya mbao za gati. Kisha hatua. Hatua za viatu vya kuzamia, vizito kama nanga. Kisha bibi akicheka.

Walipofika bandari iliyofuata walipiga simu Tarpon kuulizia. Pete ilikuwepo, tupu. Fotini hakuwepo nyumbani wala gatini.

Kwenye kigingi cha nyuma cha boti yao walikuta kipande cha kamba, kimefungwa fundo la washika kamba. Pantelis aliapa hakukifunga. Boti iliburutwa kwa gari hadi Ohio, ikawekwa bandani, mbali na bahari yoyote. Kipande hicho kingali pale. Hakijakauka.

Pantelis alifariki kitandani mwake mwaka 1996. Evdokia yu hai; hashiki kamba, hata ya kuanikia nguo. Fotini hatujui tumwandike wapi, kwa walio hai au kwa marehemu. Kila mwaka sisi jamaa tunapochemsha ngano ya kuwakumbuka marehemu, jina lake hatulitaji, kwa sababu hakuna anayethubutu kusema kwamba amekufa.