Matanga ya Siku Moja

Walikutana Kibuye mjini Kisumu, siku ya soko, wakigombania nazi moja.

"Ai, bwana, si hii nimeishika kwanza?" Benta aling'aka, leso imemkaza kiuno.

"Ni ya maombi, dada. Mungu wangu anaingoja."

"Na wali wangu je, umngoje nani?"

Ketan, Mhindi mzaliwa wa Kisumu anayekijua Kijaluo kuliko Kigujarati, alicheka mpaka akaiachia. Namba ya simu alipewa. Mwaka mzima wakaitana jaherana, yaani mpenzi wangu, na baba yake Ketan, mzee wa duka la vitambaa, akamkubali Benta hata kabla mkewe hajakubali.

Ijumaa moja alfajiri mzee akafariki.

"Mpenzi, baba ametuacha," Ketan alilia kwenye simu. "Njoo."

"Woi! Pole, jaherana. Nakuja na mama na shangazi zangu wote."

Benta alikuwa kijijini kwao Usenge, mbali na Kisumu, kununua omena, dagaa wa ziwani. Kwa Wajaluo mtu haendi msibani peke yake, mikono mitupu, na mwili hukaa mochari hata wiki mbili ukoo ukijipanga. Akashinda akikusanya watu, unga na sukari. Ketan naye hakueleza. Kwao maiti hangoji kesho kama anaweza kuchomwa leo kabla jua halijazama, na nani asiyejua? Mapenzi yana upumbavu wake. Kila mmoja alidhani dunia nzima huomboleza kama kwao.

Jumamosi wanawake wa Usenge waliingia uani wakilia kwa sauti, wakakuta ua umefagiwa. Mzee alikuwa majivu tangu jana jioni.

"Hata dada yangu aliye Leicester, Uingereza, alikuwepo, kwa simu," Ketan alisema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Na nyinyi mlikuwa na haraka gani ya kumchoma?"

Mama Ketan alisikia. Maji yakimwagika hayazoleki. Simu zikakoma.

Wiki kadhaa baadaye Ketan alimwita Benta aje Dunga, ufuoni mwa ziwa. Mzee aliagiza majivu yake yasipelekwe Mto Ganga, India. Alizaliwa hapa, amwagwe hapa. Benta alivaa gauni jeupe, rangi ya msiba kwao Ketan, maana safari hii aliuliza kwanza. Kuhani aliimba botini, dada akilia ndani ya simu, Ketan akayamimina majivu ziwani.

"Tunahamia Leicester kwa dada," alimwambia walipofika ufuoni. "Mama hawezi kubaki peke yake. Nakupenda, Benta, lakini hataki kusikia jina lako."

Benta alimwendea Mama Ketan, aliyesimama kando, akapiga magoti. "Nisamehe, mama."

"Siku ile, tangu mchana, kuhani alituhimiza tumchome mzee," mama alisema polepole. "Mimi nilikataa. Nilimwambia binti yetu yuko njiani. Tulikungoja mpaka jua likakaribia kuzama."

Alimwekea Benta mkono kichwani, akauondoa, akaenda garini. Ketan akamfuata. Benta alibaki mchangani, akiujutia ulimi wake.